Namba Nne

Katika daftari la mkutano wa mwaka jana, ukurasa wa pili, mawazo yamepangwa hivi: moja, mbili, tatu, tano. Nne haipo. Mahali pake karatasi imesuguliwa ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, na ukiinua ukurasa kuelekea mlangoni, mwanga unapita. Aliyeisugua ni mimi. Nilitumia kifutio kilichobaki tangu shuleni, nikapuliza takataka zake magotini, nikaandika namba tano.

Jina langu Chepkurui. Nilifika darasa la sita, na katika kambi yetu ya wachuma pareto, huko juu ya Kabazi, hapakuwa na mwanamke mwingine aliyeshika kalamu. Ndiyo maana wakaniita karani, hata wale walionizidi umri mara mbili.

Pareto ni ua dogo jeupe lenye moyo wa njano. Halichumwi kwa panga wala kwa jembe. Linachumwa kwa vidole, moja moja, na vidole hivyo ni vya wanawake. Huko juu ukungu haunyanyuki mpaka karibu saa sita mchana, na majani yanakulowesha hadi kiunoni. Ukimbeba mtoto mgongoni, analowa nawe. Ukimlaza kando ya shamba, analowa peke yake. Mwaka jana, hamsini na tano, mwenye shamba, tuliyemwita Bwana Kofia, alichoka kuona mikono ya wachumaji ikiacha maua ili kufuta makamasi. Akatuma neno: wanawake wakutane wenyewe, watafute mahali pamoja pa kuwaacha watoto.

Mkutano ule, katika banda la kupimia pareto, uliongozwa na Jeruto, mke wa nyapara Kiprugut. Sisi wadogo tulimwita Mama Nyapara. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde, na mikutano yake ilikwenda kwa njia moja tu. Aliuliza nani ana la kusema. Mtu akisema, sote tulimtazama Mama Nyapara. Akinyamaza, niliandika. Akisonya, sikuandika. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Mkono wangu ulijifunza wenyewe.

Wazo la nne lilitoka kwa Nasimiyu. Alikuwa mgeni, ametoka upande wa Bungoma, hana hata miezi mitatu kambini. Alikaa kwenye gunia karibu na nguzo ya katikati, mwanawe Khaemba akicheza na vifungo vya blauzi yake.

"Ile nyumba ya mwisho," alisema. "Ina mlango, ina dirisha. Watoto watapata hewa."

Nilikuwa nimeshaandika. Nilikuwa karani mwepesi.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Nyakio. Mumewe alikuwa fundi wa mbao, na ndiye pekee katika laini nzima ya nyumba za wachumaji aliyejenga nyumba yenye dirisha, lenye ubao wa kufungua na kufunga. Kisha asubuhi moja, mwaka wa kwanza wa Hali ya Hatari, malori yalikuja yakawasomba Nyakio na Wakikuyu wenzake wote, wanaume, wanawake, na watoto wakiwa na uji mdomoni. Nyumba nyingine za watu wale zilipewa wageni. Ile ya mwisho haikupewa mtu. Ilikuwa na kufuli. Hakuna aliyepita mbele ya mlango wake; njia ya kisimani ilikuwa imejipinda, ikazunguka nyuma kwenye nyasi, kwa sababu ya miguu yetu kuikwepa.

Jeruto alisonya. Wanawake wakasonya naye. Wengine walicheka.

"Wewe umekuja juzi," alisema. "Watoto walale juu ya majivu ya watu waliochukuliwa? Hujui unachosema." Kisha bila kugeuza kichwa: "Karani, futa hiyo."

Nikafuta.

Namba tano ilikuwa ya Jeruto mwenyewe. Tuwaweke watoto katika stoo ya magunia, ile iliyo ubavuni mwa nyumba ya kukaushia pareto. Kuna joto. Tutaweka jiko la makaa, tufunge mlango baridi isiingie. Tulipiga makofi. Hata Nasimiyu alipiga.

Siku ya nne ya msimu, saa tano asubuhi, msichana aliyewaangalia watoto alitoka kidogo kwenda haja. Aliporudi watoto watatu hawakuamka. Tuliwatoa nje wote kwenye ukungu, tukawapuliza, tukawapiga mgongo. Wawili walitapika, wakalia. Khaemba hakulia. Mashavu yake yalikuwa mekundu, kama mtoto aliyetoka kucheza.

Jioni ile Bwana Kofia alituita sote mbele ya banda. Aliuliza kama kuna mtu yeyote aliyepinga stoo ile, au aliyetaja mahali pengine.

Nasimiyu alisema, "Mimi nilitaja."

"Daftari," akasema Bwana Kofia.

Kiprugut akalisoma daftari langu kwa sauti. Moja. Mbili. Tatu. Tano. Hakushtuka kwamba kuna namba iliyorukwa, na Bwana Kofia hakuhesabu. Alisema tu kwamba mama aliyefiwa husema mengi, aachwe apumzike. Nasimiyu alinitazama. Nilitazama vidole vyangu vya miguu, na tope lililokauka kati yake, na naweza kulichora tope lile hata leo. Wanawake wote kumi na wawili walikuwa pale. Wote walimsikia siku ya mkutano. Hakuna aliyefungua mdomo.

Kesho yake Nasimiyu aliondoka na kitita kichwani. Stoo ikafungwa.

Lakini tangu hapo, ukichuma kwenye mistari ya karibu na stoo, ulisikia kikohozi. Si kikubwa. Kikohozi cha mtoto anayeota, kimoja, kisha kimya, kisha kimoja. Ukiinua kichwa unawaona wenzako wameinua vichwa. Halafu kila mtu anainama. Hatukuwahi kuulizana. Msimu ukaisha, nikazaa. Binti yangu Jepkorir alipofika miezi tisa, msimu mwingine ulikuwa unagonga hodi, na Bwana Kofia alikuwa ametuma neno jingine: kabla ya Jumatatu wanawake waseme watoto watakaa wapi. Mwanamke atakayeonekana shambani na mtoto mgongoni atatoka kambini, yeye, mumewe na vyombo vyao.

Usiku nilimsikiliza Jepkorir akipumua. Kifua chake kilikuwa na mluzi mdogo, kama cha watoto wote wa huko juu. Jumatatu nitamweka mahali. Sikujua ni wapi.

*

Mwezi mmoja kabla ya hapo nilipelekwa Nakuru kwa juma zima, katika ukumbi mmoja wa Bondeni, kufundishwa kuongoza vikundi vya wanawake. Mwalimu wetu aliitwa Namalwa, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alitufundisha kushona na kuosha vidonda, lakini kilichonikaa ni siku aliyotufundisha kutafuta mawazo.

"Kuna kukusanya na kuna kuchambua," alisema. "Usifanye yote kwa wakati mmoja. Wakati wa kukusanya, liandike kila linalotoka, hata la kuchekesha, hata la kijinga. Usiulize limetoka tumbo la nani. Mkubwa aseme mwisho, maana akisema kwanza wengine watamrudishia maneno yake. Na mkiona watu wanaogopana macho, ondoeni macho."

"Macho yanaondolewaje, mwalimu?" mtu aliuliza, tukacheka.

"Geuzeni migongo," alisema. Yeye hakucheka.

Siku ile ile, nikitoka ukumbini, nilimwona Nasimiyu. Alikuwa ng'ambo ya barabara, ameketi nyuma ya lundo la ndizi, amekonda, shali imefika machoni. Alikuwa mzima. Sijui kwa nini hilo lilinitisha zaidi kuliko ningesikia amekufa. Nilijificha nyuma ya nguzo ya baraza mpaka alipoinama kumhudumia mteja, kisha nikaondoka mbio na mtoto akirukaruka mgongoni.

*

Mkutano ulikuwa Jumamosi saa nane mchana, katika banda la kupimia. Jua lilikuwepo lakini halikuwa na nguvu. Wanawake kumi na wawili walikaa kwenye magunia matupu, kila mmoja mahali pake pa siku zote. Gunia la karibu na nguzo lilikuwa wazi. Hakuna aliyelivuta hata kwa kuegemea.

"Haya, karani," Jeruto alisema. "Umetoka Nakuru na maarifa mapya. Tuonyeshe."

"Leo, Mama Nyapara, wewe utasema mwisho."

Jeruto akaweka mikono kiunoni.

"Mwisho? Kwani mimi ni mkia?"

"Ndivyo nilivyofundishwa, mama."

"Mwache mama apumzishe mdomo," Nekoye alisema kutoka mlangoni. Nekoye alikuwa mwanamke wa maneno. Angeweza kumchekesha fahali. "Huo mdomo umefanya kazi tangu Krismasi bila likizo."

Wakacheka kidogo. Hata Jeruto alivuta shavu moja. Nikaeleza kanuni. Nikasema kila wazo nitaliandika kwa chaki kwenye mlango mkubwa wa banda, uliopakwa lami, ili sote tulione. Hakuna kusonya. Hakuna kucheka mpaka tumalize. Nikasimama na chaki yangu.

Walikunja na kukunjua ncha za leso zao.

Nilingoja. Kuku aliingia, akatoka. Mwishowe Chepkemoi, mama wa mapacha, akasema akiutazama udongo:

"Mwaka jana tulisema. Tukamzika mtoto. Mimi sitasema. Mtoto wa mtu asife kwa sababu ya mdomo wangu."

"Ukinyamaza je?" nikamuuliza. "Jumatatu mapacha wako utawaweka wapi?"

Akaanza kulia bila sauti. Nilijiona mkatili, lakini sikuwa na swali jingine. Lilikuwa swali langu pia.

Nekoye akakohoa. "Basi andika langu. Watoto wapelekwe kwa nyumba kubwa, walale kwa kitanda ya Bwana Kofia, na yeye mwenyewe aje achume pareto. Ana mikono mirefu."

Niligeuka nikaandika: *1. Nyumba kubwa.*

"Unaandika huo upuuzi?" Jeruto akauliza.

"Naandika kila kitu, mama."

"Kumbe anaandika kweli!" mtu akasema nyuma, na ile sauti ilikuwa na uhai ndani yake. Nikaona ni wakati.

"Geukeni wote," nikasema. "Kila mtu atazame ukuta. Mimi natazama mlango. Atakayesema hataonekana, na mimi sitauliza ni nani."

Walinung'unika, magunia yakasugua udongo, wakageuka. Niliusogelea mlango mpaka pua yangu ikanusa lami. Jepkorir alikuwa amelala mgongoni mwangu, mluzi wake ukinipita sikioni.

Sauti ya kwanza ilitoka kushoto, nyembamba: "Tuchume kwa zamu. Nusu yetu asubuhi na nusu mchana, wengine wabaki na watoto."

*2. Zamu.*

Kisha nyingine, ya mtu aliyefunika mdomo kwa leso: "Tujenge kibanda cha nyasi katikati ya shamba, tuwaone."

*3. Kibanda.*

Nikaandika *4*, nikaweka nukta, nikangoja. Nyuma yangu, upande wa nguzo, sauti ikasema, polepole, kama mtu anayerudia kwa asiyesikia vizuri:

"Ile nyumba ya mwisho. Ina mlango, ina dirisha. Watoto watapata hewa."

Chaki ilikuwa imeshaandika *nyumba ya mwisho* kabla sijaelewa. Kisha ikakatika mkononi.

Niligeuka. Wote walikuwa wamegeuka. Wote walikuwa wanalitazama gunia lililo wazi.

"Nani amesema?" Jeruto akauliza. Sauti yake ya kuita ng'ombe haikuwepo. "Nekoye. Ni wewe. Hayo ni matamshi ya kwenu Bungoma."

"Mimi?" Nekoye alikuwa bado pale mlangoni, hatua mbili kutoka kwangu, kiganja kifuani. "Mama, niko hapa! Sauti imetoka kule. Karani, si imetoka kule?"

"Apa."

"Naapa kwa mwanangu."

Katika kambi yetu, baada ya Khaemba, hakuna mwanamke aliyeapa kwa mwanawe kwa mchezo. Jeruto akamwamini. Niliona jinsi kumwamini kulivyomuumiza. Akaninyooshea kidole mimi, kisha mlango.

"Futa hiyo," alisema.

Ni maneno yale yale. Kitambaa cha kufutia kilikuwa miguuni pangu. Mkono wangu, ule uliojifunza wenyewe, ulishuka ukakiokota. Nikakiinua hadi kwenye namba nne. Nyuma ya shingo yangu Jepkorir akakohoa, kimoja, kisha kimya.

Sikufuta. Nilikitupa kitambaa nje. Nikatoa daftari la mwaka jana kutoka kikapuni, nikafungua ukurasa wa pili, nikauinua mlangoni.

"Tazameni," nikasema. "Hapa palikuwa na neno la Nasimiyu. Nililiandika, nikalifuta kwa mkono huu. Siku Khaemba alipokufa, daftari lilisomwa, na mama yake akaonekana mwongo mbele ya watu. Nilikuwa nimesimama pale. Nilijua. Sikusema."

Mwanga ukapita pale karatasi ilipokuwa nyembamba. Nilimpa Chepkemoi daftari, naye akauinua ukurasa, kisha akampa mwenzake. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kusoma, lakini siku hiyo waliusoma. Kila aliyeushika alipitisha kidole mahali pale.

"Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega," Chepkemoi alisema. "Nilimsikia. Nilicheka."

"Na mimi nilisikia," akasema mwingine.

"Na mimi."

Nekoye hakuwa na mzaha. "Mimi ni mtu wa kwao. Nilisonya kwa nguvu kuliko nyinyi wote, ili msiseme tuko pamoja."

Daftari likamfikia Jeruto. Alilishika kwa mikono miwili, muda mrefu, kichwa chini. Nilifikiri atalichana. Badala yake aliliweka juu ya gunia lililo wazi, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha akaingiza mkono chini ya nguo yake, kiunoni, akafungua kamba. Mwishoni mwa kamba palikuwa na ufunguo.

"Asubuhi ile ya malori," alisema, "Nyakio alinikuta kwenye mlango wangu. Askari yuko nyuma yake. Akaniwekea huu mkononi. Akasema, 'Jeruto, nitunzie nyumba yangu. Mtu asilale mle mpaka nirudi.' Nikamwambia, naapa. Mume wangu hajui. Bwana Kofia alidhani ufunguo umepotea. Niliwaacha mwogope majivu, mwogope mlango, mzunguke kwa nyasi. Nilifurahi mkiogopa. Mkiogopa, kiapo changu kinakaa."

Akauzungusha ufunguo kiganjani.

"Yule Nasimiyu aliposema dirisha," akaendelea, "nilijua ni kweli. Nilijua pale pale. Lakini ningefanya nini? Nilikuwa nimeapa." Akaniangalia, na kwa mara ya kwanza niliona kwamba ni mwanamke asiyelala. "Na wewe pia unakisikia, karani? Kikohozi?"

"Nakisikia, mama."

"Sote tunakisikia," Nekoye akasema.

*

Twende haraka kabla hatujaogopa, Chepkemoi alisema, tukaenda. Tulipita mbele, si nyuma. Nyasi zilikuwa zimeota mpaka kizingitini na hazikuwa na alama ya mguu. Lakini kufuli lilifunguka mara moja, bila kelele. Jeruto alikuwa akilipaka samli kila mwezi kabla ya kupambazuka, miaka yote hiyo.

Ndani palinuka moshi wa zamani. Mafiga matatu, majivu katikati. Blanketi limekunjwa juu ya kitanda cha mbao. Sufuria, mwiko ndani yake, uji umekauka juu ya mwiko ukawa kama chokaa. Kigoda kimoja kikubwa, na kingine kidogo cha mtoto, vimetazamana kana kwamba vinazungumza.

Jeruto hakuingia upesi. Alisimama kizingitini, akasema kwa lugha yetu, kisha akarudia kwa Kiswahili ili wote waelewe, na hasa, nadhani, ili mwenye nyumba aelewe:

"Nyakio, ni mimi. Nimevunja neno langu. Hatulali. Ni watoto tu, na mchana tu. Vitu vyako havitaguswa na mwingine isipokuwa mimi."

Akaingia, akasukuma ubao wa dirisha. Ulikataa. Akausukuma kwa bega, ukafunguka kwa kilio kirefu, na mwanga ukaanguka juu ya mafiga. Vumbi likainuka lote kwa pamoja, likasimama hewani, likaanza kutoka nje.

Ndipo tukachambua, kama mwalimu alivyosema. Kuchambua kulikuwa rahisi. Kibanda cha nyasi kingevuja. Zamu ilikuwa nzuri, tukaichukua pia: kila siku wanawake wawili wabaki na watoto. Jiko lisiingie ndani hata kukiwa na mvua ya mawe. Nyumba kubwa ya Bwana Kofia tuliiacha, ingawa Nekoye aliitetea. Wa zamu ya kwanza alikuwa Jeruto. Hakuombwa.

*

Jumatatu, ukungu ukiwa bado chini, nilimfungua Jepkorir mgongoni nikamweka kwenye mkeka wa nyumba ya Nyakio. Alinishika kidole. Nilisimama pale mpaka Jeruto aliponisukuma nje.

"Nenda. Ukikaa hapa na wengine watakaa."

Nilipewa mstari wa karibu na stoo. Nilichuma nikisikiliza. Kiliendelea vile vile, kikohozi kimoja, kimya, kimoja. Nikachanganya maua na majani, nyapara akanikemea. Kisha, yapata saa tano, saa ile ile, kikakatika. Nikangoja kingine. Wenzangu walikuwa wameinua vichwa. Tulingoja wote, mikono hewani, na hakikuja.

Nilidondosha kikapu, nikakimbia. Sijui nilifikiri nini. Ninajua tu kwamba nilikuwa nimemwona mtoto mwenye mashavu mekundu, na nilikuwa nakimbia kwenda kumwona tena.

Mlango ulikuwa wazi. Dirisha lilikuwa wazi, limewekewa mti ili hata upepo usilifunge. Jeruto alikuwa ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha, kigoda cha Nyakio kando yake bila mtu; Chepkemoi, mwenzake wa zamu, alikuwa amekwenda kisimani. Watoto kumi na mmoja walikuwa wamelala kwa mstari. Nilimwinamia Jepkorir. Mashavu yake yalikuwa baridi kidogo, rangi yake mwenyewe. Mluzi ulikuwa pale. Nikamfunika vizuri.

Chini ya dirisha palikuwa na mkeka wa kumi na mbili, na blanketi dogo juu yake.

"Wa nani?" nikauliza. "Nani hakuja leo?"

"Wote wamekuja." Nilitaka kupita upande ule, Jeruto akanishika mkono, akanivuta pembeni. "Usipite hapo. Ndiyo kwanza amelala."

Nilitazama mkeka. Blanketi lilikuwa limebonyea katikati, kidogo sana, kama mahali ambapo paka amelala. Labda ni upepo. Dirisha lilikuwa wazi.

"Jumapili nashuka Bondeni," nikamwambia. "Najua Nasimiyu anauza ndizi wapi. Nitamsomea daftari. Nimejaribu kuliandika tena neno lake mahali pale pale, pamoja na jina lake, lakini karatasi ni nyembamba mno, wino umepita hadi kurasa tatu za chini."

"Acha upite," Jeruto alisema.

Nje, wachumaji walikuwa wameanza kusemezana tena, na kicheko cha Nekoye kilisikika katikati ya ukungu.

"Nitakwenda nawe," akasema. "Nitamwambia mwenyewe kwamba ni mimi niliyesema futa." Kisha akalitazama lile blanketi, akapunguza sauti kabisa. "Lakini hili la mkeka, karani, usiliandike."

Nimeliandika.